Si Kila Apepesukaye Amelewa

Aliyepatwa na maradhi ya ubongo mdogo, ulioko kisogoni, hupepesuka na ulimi wake huwa mzito. Nasi hukimbilia kumdhania mlevi. Hiyo ni dhuluma. Seli za hapo hupoteza mpangilio wa mapigo yake, mwili ukakosa mizani. Mwaka 2010, watafiti wa New York waliwapa panya wenye maradhi ya aina hii klorizoksazoni, dawa ya zamani ya kulegeza misuli. Mwendo wa panya hao ukatengenea. Lakini panya si mwanadamu, na dawa hiyo yaweza kudhuru ini. Asiitumie mtu pasi na daktari. Tumshike mgonjwa mkono, tumpeleke hospitalini, wala tusimsengenye.