Wenye Viwanda Waseme Mapema

Kampuni inayonunua kiwanja cha kiwanda kikongwe hurithi pia kilichofukiwa ardhini. Siku sumu inapogunduliwa, mawakili humshauri mkurugenzi afunge kinywa, kwa hoja kwamba si yeye aliyeimwaga. Ushauri huo twaupinga.

Huko Niagara Falls, nchini Marekani, kampuni ya Hooker Chemical ilizika takriban tani 20,000 za taka za kemikali katika mfereji wa Love Canal kati ya 1942 na 1953. Mwaka huo wa 1953 iliiuzia bodi ya elimu kiwanja hicho kwa dola moja, na shule ya msingi ikajengwa papo hapo. Hati ya mauzo ilizitaja kemikali hizo, lakini ilizitaja ili kuikinga kampuni na mashtaka, wala si kuwaonya wazazi. Occidental Petroleum iliinunua Hooker mwaka 1968. Miaka kumi baadaye sumu ilijitokeza hadi ndani ya nyumba. Shule ikafungwa na mamia ya familia wakahamishwa. Mwaka 1995 mrithi huyo alikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 129, kwa sumu ambayo hakuizika yeye.

Hapa Kenya waliorithishwa ni wakazi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa Owino Uhuru, Mombasa, mwaka 2007, kikafungwa 2014. Kiliondoka; madini ya risasi yakabaki udongoni. Aliyewafumbua wanakijiji macho si msemaji wa kampuni, bali Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake na ambaye mwanawe mwenyewe alidhurika. Mahakama ya Juu ilirejesha fidia ya shilingi bilioni 1.3 mnamo Desemba 2024, miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa.

Sisi wa Nakuru tuna sababu ya ziada ya kuwa macho. Ziwa letu halina mto unaotoka: kinachoingia hukaa. Tena maji yake yamepanda sana tangu mwaka 2010.

Kwa hiyo kampuni itakayokuta sumu katika kiwanja chake ije barazani, hapa Bondeni, iseme kwa Kiswahili: ni sumu gani, kipimo chake ni kiasi gani, ni kisima kipi kisitumiwe, nani atapimwa damu na kwa gharama ya nani. Kama vipimo havijatoka, itaje siku vitakapotoka, na siku hiyo irudi. Tangazo la Kiingereza katika kona ya gazeti halitoshi. (Wengi wetu gazeti hilo tunalipata likiwa limefungia nyama.)

Walimu nao wasingoje. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari hata zilizo mikononi mwa watu binafsi, iwapo zahitajika kulinda haki yake, na Kifungu cha 42 kinamhakikishia mazingira safi. Sheria ya mwaka 2016 inaeleza namna ya kuomba, na kuwasilisha ombi hakutozwi ada. Darasa la kemia laweza kuiandika barua hiyo muhula huu.