Siafu Walipoingia Jikoni



Juma lililopita niliahidi kuandika juu ya kupandikiza poaro. Poaro zitangoja. Usiku wa Jumanne siafu walitutembelea, na tangu hapo sina habari nyingine kichwani.

Wengi wenu mnajua kwamba jikoni kwetu, hapa pembeni ya Butembo, kunaishi simbilisi, wale ambao watoto wanawaita kobayi. Waliletwa na shangazi. Alipokimbia vita upande wa Oicha alifika kwangu na sufuria moja, kitenge kimoja cha kubadilisha, na kikapu kilichofunikwa kwa majani ya viazi vitamu. Nilidhani ni chakula. Mara kikapu kikalia: kwii, kwii! Ndani walikuwamo majike watatu na dume mmoja.

“Mbuzi ningemkokota namna gani?” akaniuliza. “Mbuzi analia njiani na kila mwenye bunduki anamsikia. Hawa walinyamaza tangu kule. Wanalia sasa kwa sababu wamesikia harufu ya jikoni.”

Tena kuna jambo ambalo wanaume hawapendi tuliseme. Mbuzi ni wa baba, ng’ombe ni wa ukoo, lakini simbilisi hakuna anayemuulizia. Mama anauza wawili asubuhi, ananunua chumvi na sabuni, bila mkutano wowote wa familia.

Wakaongezeka. Jike hubeba mimba karibu siku 68, huzaa wawili au watatu, nao huzaliwa macho wazi na manyoya tayari. Baada ya siku chache tu wanatafuna majani pamoja na mama yao. Watoto wangu walikuwa wakiwakatia matete kila jioni, na shangazi akiwafundisha kuyaacha kwanza yakauke umande, maana majani yenye maji huwavimbisha tumbo.

Ubishi ulianza na kibanda. Mimi sikutaka tena mavi ya wanyama karibu na bugali, na pia dume alikuwa akiwapanda binti zake mwenyewe, ukoo ukawa unadhoofika. Baba watoto akajenga kibanda cha matofali katika pembe ya jiko, vyumba viwili, wavu juu, mlango wa mbao. Kwa sababu ya wezi tukatia kofuli. Shangazi alitazama tu. “Mnyama wa jikoni hafungwi,” akasema, akaenda kuchambua maharagwe.

Siku ya Jumatatu niliwahesabu: 24. Kumi kati yao walikuwa wamekwisha kupewa kazi: minerval ya binti yetu wa pili.

Usiku uliofuata mvua ilinyesha sana, ikakatika. Nikasikia kelele jikoni, si ile kwii ya njaa. Niliwasha torchi nikaona sakafu inatembea. Nyeusi yote, kutoka ukutani hadi kibandani, wakipanda wavu kama maji yanayopanda juu. Shangazi alikuwa amefika kabla yangu, anachota majivu ya moto kwa kipande cha bati na kuyamwaga mbele yao. “Fungua!” alipiga kelele. “Fungua, watatoka wenyewe!”

Ufunguo ulikuwa katika suruali ya baba watoto. Suruali ilikuwa kwenye kamba, nyuma ya nyumba.

Mlango ulipofunguka walitoka 11, wakakimbilia chini ya vitanda na hata ndani ya kiatu cha mtoto. Asubuhi tuliwakuta 13 wamekufa, wengi wakiwa wadogo, na jike mmoja amewalalia wanawe wawili. Kuku, ambao hulala juu ya kenchi bila kufungwa, waliruka nje wote. Siafu wenyewe walikuwa wamekwisha ondoka, na kusema kweli hawakuacha mende hata mmoja. Ningependa kuwashukuru, lakini bado siwezi.

Nilimwomba shangazi radhi. Alikuwa akitoa siafu wa mwisho katika mguu wake, mmoja mmoja, maana kichwa hubaki kimeuma hata kiwiliwili kikikatika. Hakuniangalia. Alisema, “Kule kwetu, nyumba ambayo haikuwa na mlango wa nyuma, watu wake hawakutoka.” Kisha akaomba maji ya kunawa.

Kibanda hatukukibomoa. Tumetoboa tundu chini, upana wa simbilisi mmoja, na tunaliziba kwa tofali lisilojengewa; ukilivuta, linatoka. Ufunguo unaning’inia kwenye msumari juu ya mlango wa jiko, mahali ambapo hata mtoto anaufikia. Tumefyeka majani yaliyogusa ukuta, na usiku wa mvua tunazungushia majivu makavu kabla ya kulala. Petroli ambayo jirani alinishauri nimeikataa. Jikoni kuna moto.

Mkuu wa masomo amenipa hadi mwisho wa mwezi. Nitauza watatu, na kuku mmoja.

Sasa ombi langu. Dume aliyebaki ni ndugu wa karibu majike wote. Kama kuna mama upande wa Musienene au hata Beni mjini mwenye dume wa ukoo mwingine, tubadilishane. Nitatoa jike mweusi mwenye doa jeupe. Sikio lake moja limetafunwa na siafu, lakini ana mimba, na shangazi amemshika tumbo akasema ni watatu.