Tuwarudishie Watoto Uani Kwao

Dar es Salaam inapanda juu, nami siipingi. Ardhi ya Kariakoo na Magomeni haiongezeki, na mzazi anayehamia pembezoni mwa mji hulipa kwa saa za foleni ambazo angekaa na wanawe. Maghorofa ya Magomeni Kota yaliyozinduliwa mwaka 2022 yamezirudisha familia 644 mahali pao pa zamani, karibu na shule, soko na hospitali. Hiyo ni heri.

Kinachonisumbua ni tulichokiacha chini. Nyumba ya Kiswahili, yenye korido katikati na vyumba huku na huku, ilikuwa na baraza mbele na uani nyuma. Pale uani wapangaji walipika, walifua na kulea. Mtoto akianguka, aliinuliwa na mama yeyote aliyekuwa karibu. Tulipoibomoa tulivipandisha vyumba tu. Uani tukapageuza maegesho ya magari na fremu za maduka. Je, mtoto wa ghorofa ya sita acheze wapi? Koridoni anafukuzwa kwa kelele, ngazini ataanguka, chini kuna magari. Basi anafungiwa ndani na televisheni, nasi tunamsifu kwa utulivu!

Wazazi wenzangu, tusikubali. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu umiliki wa sehemu za jengo inawapa wenye nyumba hizi haki ya pamoja juu ya maeneo ya wote, na chama cha kuyasimamia. Vikao vyenu visiishie kwenye ada ya mlinzi na pampu ya maji. Shukeni mkapime: magari machache yakisogezwa, patapatikana uwanja unaoonekana kutoka madirishani. Singapore wana maghorofa mengi ya serikali ambayo sehemu ya chini imeachwa wazi, nguzo tupu, na watu hukutana hapo, hata kwa harusi na misiba.

Nanyi wachoraji ramani, vyuma vya roshani viwe vya wima. Vya kulala mtoto huvipanda kama ngazi. Wenye watoto wadogo wapewe ghorofa za chini, sauti ya mama iwafikie. Halmashauri nazo zisipitishe ramani ya ghorofa la makazi kabla ya kuonyeshwa mahali pa kuchezea, na zirudi kukagua jengo likishakaliwa, kwa kuwa hapo ndipo mahali hapo hugeuzwa duka.