Toboeni Tundu la Hewa

Betri ya boti ikichajiwa hutoa gesi. Fundi betri yeyote analijua hilo, na nahodha aliyewahi kufungua vizibo wakati wa kuchaji ameona vipovu vikichemka mle ndani. Hata hivyo betri tunazifungia chini ya kiti cha tezini, tunabana mfuniko, tunatia kufuli, tunaunga chaja, kisha tunakwenda zetu kula.

Gesi hiyo ni haidrojeni. Haina rangi wala harufu. Ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo hupanda na kujikusanya chini ya mfuniko ikikosa pa kutokea. Ikifika asilimia 4 tu ya hewa iliyomo, huweza kulipuka. Cheche ya swichi inatosha, au ya klipu inayochomolewa, au ya pampu ya ngama inayojiwasha yenyewe.

Pigeni hesabu. Betri ya volti 12 iliyokwisha kujaa, ikiendelea kusukumiwa ampea 10 na chaja isiyojua kujizima, hutoa lita 25 hivi za haidrojeni kwa saa moja. Sanduku la lita 500, ambalo ni kubwa kuliko yaliyomo kwenye boti nyingi za faiba, linahitaji lita 20 tu kufika hiyo asilimia 4. Haiishi hata saa nzima. Na sisi chaja tunaiacha mpaka asubuhi!

Visingizio tumevisikia vya kutosha. Eti betri yangu ni kavu, haiongezwi maji. Hiyo nayo ina vali, na ikichajiwa kupita kiasi vali hufunguka na gesi hutoka kama kawaida. Eti wezi. Kufuli libaki palepale. Hakuna mwizi anayepita kwenye bomba la inchi mbili. Eti mawimbi yataingiza maji. Basi bomba likunjwe juu kama mpini wa mwavuli, mdomo utazame chini, na mvua wala rasharasha hazitaingia.

Kazi yenyewe ni ndogo. Tundu moja litobolewe juu kabisa ya sanduku, pale gesi inapokusanyika, liungwe bomba linalopanda moja kwa moja hadi hewani. Lisitokee ndani ya chumba cha abiria, wala lisilegee katikati, maana likilegea maji hutuama kwenye kona na kuziba njia. Tundu la pili liwe chini, upande wa pili, liingize hewa safi. Wapo wanaotoboa la chini peke yake na kudhani wamemaliza. Hawajamaliza, kwa sababu gesi iko juu. Kipande cha bomba la plastiki, kona mbili na asubuhi moja ya fundi, basi. Mwenye boti aliyemudu mashine na betri hana la kusema hapa.

Mpaka fundi afike, mfuniko uwe wazi muda wote wa kuchaji, na mtu awepo. Chaja ikae nje ya sanduku. Klipu ziungwe kwanza, ndipo swichi iwashwe. Wakati wa kumaliza, swichi izimwe kwanza, gesi iachwe itoke, ndipo klipu ziguswe. Vijana wengi hufanya kinyume, wanachomoa klipu umeme ukiwa bado unapita, uso ukiwa juu ya betri. Ukisikia harufu ya yai viza au betri ikiwa moto mkononi, imechajiwa kupita kiasi au imeharibika: zima umeme kule unakotokea, ondoa watu, usiinamie. Tindikali ikikurukia machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 20, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa.

Jambo jingine lisilosubiri fundi ni tangi la petroli kuwekwa sanduku moja na betri. Mvuke wa petroli ni mzito, hutuama chini, wakati haidrojeni iko juu, na katikati yake kuna nyaya na swichi. Hapo hakuna tundu la kuokoa. Kimoja kihamishwe leo.

Wenye betri za lithiamu wasijione wamenusurika. Kweli, zikiwa nzima hazitoi gesi hiyo zinapochajiwa, lakini zinataka chaja yake maalumu, na iliyovimba haichajiwi kabisa, inatolewa botini.

Wakaguzi wa vyombo nao huhesabu majaketi ya kuokolea na kuangalia mtungi wa kuzimia moto. Wakifika tezini, wamwambie mwenye boti afungue sanduku la betri na awaonyeshe hewa inaingilia wapi na inatokea wapi. Akishindwa kuonyesha, boti isipakie abiria mpaka litobolewe.