Vita vya Ogaden havikuwa vya Moscow wala Washington

Mjadala wa Vita Baridi barani Afrika hauchukui muda kabla ya methali ya tembo na nyasi kutajwa. Marekani na Umoja wa Kisovieti waligombana kwa zaidi ya miaka 40, tunaambiwa, nasi tukakanyagwa. Zipo nchi ambako methali hiyo inasema kweli tupu. Kongo ni mojawapo: serikali ya Patrice Lumumba haikutimiza hata miezi mitatu mwaka 1960 kabla ya kuangushwa, na mataifa ya Magharibi yalishangilia, kama si zaidi ya kushangilia. Lakini tumeizoea mno hadithi hiyo, tukaifanya kipimo cha kila vita vilivyopiganwa kwa bunduki za Kirusi au za Kimarekani. Pembe ya Afrika inaikataa. Huko nyasi ndizo zilizowaita tembo, zikawafukuza, kisha zikawaita wengine, kwa ugomvi ambao haukuwahi kuwa wa ubepari na ukomunisti.

Katikati ya 1974 ramani ya eneo lile ilisomeka bila taabu. Ethiopia ya mfalme Haile Selassie ilikuwa ya Wamarekani: tangu mkataba wa 1953 walikuwa na kituo cha Kagnew mjini Asmara, ambako maelfu yao walinasa na kurusha mawasiliano ya redio kutoka pande zote za dunia, na kwa malipo mfalme alipewa silaha na mafunzo ya jeshi. Somalia ya Jenerali Mohamed Siad Barre ilikuwa ya Warusi. Alikuwa ametangaza ujamaa wa kisayansi mwaka 1970, manowari za Kisovieti zilitia nanga Berbera, na Julai 1974 akatia saini mkataba wa urafiki na Moscow. Ukiishia hapo, utasema itikadi ndiyo iliyogawa marafiki. Rudi nyuma kidogo na hoja inaporomoka. Somalia ilianza kupokea silaha za Kisovieti mwaka 1963, miaka sita kabla Siad Barre hajapindua serikali. Nchi ilikuwa na bunge, vyama vingi na uchaguzi, na mawaziri wake hawakuwa na habari na Karl Marx. Walichotaka ni jeshi kubwa. Nchi za Magharibi ziliwapa ahadi ndogo yenye masharti mengi, Moscow ikatoa kubwa zaidi, wakachukua iliyo kubwa.

Jeshi hilo lilikuwa la kazi gani? Jibu limo katika bendera yenyewe. Nyota ya Somalia ina ncha tano, kila ncha kwa sehemu moja ya ardhi ya Wasomali kama wakoloni walivyoigawa: iliyokuwa ya Waitaliano, iliyokuwa ya Waingereza, Djibouti ya Wafaransa, Ogaden iliyoko Ethiopia, na wilaya za kaskazini-mashariki ya Kenya. Ncha mbili zilikuwa zimeungana mwaka 1960. Tatu zilibaki. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoamua mjini Cairo mwaka 1964 kwamba mipaka ya kikoloni iheshimiwe kama ilivyo, Somalia ilikataa. Hayo yote yalikuwepo kabla ya Brezhnev kutawala Moscow, kabla ya Carter kutawala Washington, na yangekuwepo hata kama Lenin asingezaliwa.

Kisha ukaja mwaka 1977. Wanajeshi waliompindua mfalme walikuwa wameshageukia ujamaa, na Februari Mengistu Haile Mariam akawaua wenzake kadhaa akabaki peke yake juu. Mwezi huohuo serikali ya Carter ilipunguza msaada kwa sababu ya haki za binadamu. Aprili Mengistu akaamuru Kagnew ifungwe, Mei akaenda Moscow. Kwa miezi michache Warusi walikuwa na marafiki wawili waliochukiana, na hawakupenda. Fidel Castro alikuwa ameshajaribu kuwapatanisha: mwezi Machi aliwakutanisha Mengistu na Siad Barre mjini Aden, akapendekeza nchi zao ziunde shirikisho la kijamaa. Kama itikadi ingekuwa na nguvu tunayoipa, pale ndipo ingeonekana. Viongozi wawili waliojiita wafuasi wa Marx, mbele ya mwanamapinduzi waliyemheshimu, wakiungwa mkono na mfadhili mmoja. Siad Barre alikataa kwa sababu ya Ogaden. Julai majeshi yake yakavuka mpaka, Septemba yakateka Jijiga, na tarehe 13 Novemba akawafukuza washauri wa Kisovieti na kuufuta mkataba wa urafiki. Moscow haikumtuma; ilimsihi asiende. Washington nayo, iliyokuwa imemdokeza kwamba ingempa silaha za kujilinda, ilirudi nyuma ilipoona silaha za kujilinda zingetumiwa wapi.

Mwenendo wa Kenya ndio ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote, na ndio unaosahauliwa. Nairobi ya Mzee Kenyatta ilikuwa na soko huria, wawekezaji wa Magharibi na chuki ya wazi dhidi ya ukomunisti. Hata hivyo, Kenya ilikuwa na mkataba wa ulinzi na Ethiopia tangu ilipopata uhuru, kwa sababu ya ncha ya tano ya nyota ile na vita vya shifta, yaani waasi wa Kisomali, vilivyofuata kaskazini-mashariki. Mengistu alipotangaza ukomunisti, mkataba haukutetereka. Februari 1978, Wakuba wakiwa tayari wako vitani upande wa Ethiopia, ndege za kivita za Kenya ziliilazimisha ndege ya Misri iliyobeba silaha za Somalia kutua Nairobi. Itazame picha hiyo kwa makini: rafiki wa Marekani anaizuia ndege ya rafiki mwingine wa Marekani ili jeshi linaloongozwa na majenerali wa Kisovieti lisipate taabu. Mwaka 1979, chini ya Rais Moi, urafiki wa Nairobi na Addis Ababa uliwekewa mkataba mpya.

Wapo watakaosema, na kwa haki, kwamba ugomvi wa mpaka ni jambo moja na vita vya vifaru ni jambo jingine. Bila maghala ya Kisovieti Siad Barre asingefika Jijiga. Bila daraja la anga lililoanza mwishoni mwa Novemba 1977, na Wakuba zaidi ya 10,000, Mengistu asingeirudisha Machi mwaka uliofuata, ambapo helikopta zilivusha magari ya deraya juu ya milima na kuyashusha nyuma ya Wasomali. Hilo sikatai. Mataifa makubwa yaliukuza ugomvi kupita uwezo wa wenyewe, na yalijua yanafanya nini. Lakini anayekuza moto hajawa aliyeuwasha, na hesabu yetu ya lawama lazima itofautishe. Tukisema kila kitu kilipangwa Moscow, tunamsamehe mtu aliyewapeleka vijana wa Kisomali vitani dhidi ya ushauri wa mfadhili wake mwenyewe.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Itikadi, wanasema, haikuwa mapambo: Ethiopia ilitaifisha ardhi yote ya vijijini mwaka 1975 na kuvunja ukabaila wa karne nyingi, na Castro aliamini kwa dhati kwamba mapinduzi ya Addis Ababa ndiyo ya kweli. Sawa. Ndani ya nchi itikadi ilibadilisha maisha ya mamilioni. Ila hata humo haikuchagua adui. Katika Ugaidi Mwekundu Mengistu aliwaua kwa maelfu vijana wa chama cha EPRP, waliokuwa wafuasi wa Marx kama yeye, pengine kwa kusoma zaidi. Wapiganaji wa Eritrea walioshambuliwa kwa silaha za Kisovieti walikuwa nao wa mrengo huohuo, na baadhi yao walikuwa wamefunzwa Cuba. Si ajabu Castro alikataa kuwapeleka wanajeshi wake kupigana nao.

Mwaka 1980 Wamarekani waliruhusiwa kutumia bandari ileile ya Berbera, na mzunguko ukakamilika bila mpaka kusogea hata hatua moja. Amani yenyewe ilipokuja Aprili 1988 haikuletwa na mkutano wa mataifa makubwa. Siad Barre na Mengistu, wote wakielemewa na waasi wa nyumbani, walikubaliana kila mmoja aache kuwahifadhi waasi wa mwenzake. Waasi wa SNM, waliofukuzwa Ethiopia kwa makubaliano hayo, waliingia kaskazini mwa Somalia mwezi uliofuata, na jibu la Siad Barre lilikuwa kuuangamiza mji wa Hargeisa kwa mizinga na kwa ndege zilizoruka kutoka uwanja wa mji huohuo. Baadhi ya ndege hizo zilitengenezwa na kambi moja. Serikali iliyozirusha ilikuwa ikipokea msaada wa kambi nyingine. Amri ya kurusha mabomu ilitoka Mogadishu.