Mashine ya kunyolea: usidanganywe na kidevu laini

Je, msomaji, umewahi kununua mashine ya umeme ya kunyolea kwa sababu muuzaji alikuahidi kuwa kidevu chako kitakuwa laini kama cha mtoto? Mimi nilinunua moja kama hiyo kutoka kwa mchuuzi mjini Ruiru. Wiki mbili hazikuisha, shingo yangu ikawa imejaa vipele. Waliosema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza hawakukosea, lakini kosa kubwa lilikuwa langu, kwani nilitaka kunyolewa kupita kiasi.

Yafaa ieleweke kuwa nywele za wengi wetu ni za kipilipili. Zikikatwa hadi chini ya ngozi, ncha zake kali hujikunja zinapoota tena na kuichoma ngozi. Hapo ndipo vipele huzuka, na kwa watu wengine, hasa kisogoni, hugeuka makovu magumu. Kwa sababu hii, mashine za kichwa cha mviringo, ambazo kampuni ya Philips ya Uholanzi ilianza kuziuza mwaka wa 1939, huenda zikamfaa mwenye ndevu zilizonyooka kuliko wewe. Mwenye kusumbuliwa na vipele afadhali achague mashine ya meno, mfano wa ile ya kinyozi, inayoacha ndevu za urefu wa milimita 1 hivi.

Utauliza, kwa nini ninunue ilhali vinyozi wamejaa kutoka Kimbo hadi Makongeni? Katika miaka ya tisini hofu ya Ukimwi ilitufunza kwamba kila mtu awe na wembe wake. Mashine zilipoenea, somo hilo tukalisahau. Meno ya mashine pia hukwaruza ngozi, na virusi vya ugonjwa wa ini aina ya hepatitisi B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Chanjo yake ilianza kutolewa kwa watoto wote wachanga nchini Kenya mwaka wa 2001, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Nayo mapunye huruka kutoka kichwa hadi kichwa kupitia nywele zilizokwama katika meno.

Kile kisanduku chenye mwanga wa samawati unachokiona kwa kinyozi kisikutulize moyo. Mwanga huo huua vijidudu pale unapofika tu, wala haupenyi chini ya nywele na mafuta. Lazima mashine isuguliwe kwa brashi kwanza, kisha ipakwe dawa.

Unapokwenda dukani mjini Thika, angalia mambo haya. Mashine iwe ya volti 240, kwani iliyotengenezewa volti 120 za Marekani pekee inaweza kuungua. Ikiwa imetoka nje ya nchi, tafuta kibandiko cha ISM cha shirika la viwango, KEBS. Meno yawe ya kufunguka ili yasafishwe, na umuulize mwenye duka iwapo anauza meno mengine ya kubadilisha. Ya kuchaji ni bora, maana stima hupotea bila kubisha hodi. Mwambie aiwashe mbele yako. Ikitetemeka sana au kupata moto upesi, irudishe.

Hata hivyo, usije ukaifanya kuwa ya nyumba nzima. Baba akinyoa watoto watatu kwa mashine moja bila kuisafisha, amefungua kinyozi chake sebuleni, na mapunye ya mmoja yatakuwa ya wote.

Humlazimiki kumhama kinyozi wako. Mkono wake ni stadi kuliko wako. Mpelekee mashine yako mfukoni, umlipe ujira wake kama kawaida, kisha urudi nayo nyumbani. Akinuna, mkumbushe kwamba kichwa ni chako.