Kata ya wapiga kura si kata ya mbege!

Ndugu msomaji, kuanzia Kilema hadi Marangu kila mtu anajua kata ya mbege inaanzia kwa nani: wazee kwanza, vijana wasubiri. Mila nzuri hiyo. Lakini wapo vigogo wetu wa upinzani wanaodhani kata ya udiwani nayo hunywewa hivyo! Wanachama wanapiga kura ya maoni, wanamchagua mtu wao wa Mbuyuni au wa migombani, kikao cha juu kinafunga mlango, jina linatoka jingine. Ukiuliza unaambiwa "maslahi ya chama". Chama cha nani?

Usilione dogo. Sheria zetu hazimtambui mgombea binafsi. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala hilo mahakamani mwaka 1993, na hata Mahakama ya Afrika pale Arusha ilipompa haki mwaka 2013, mlango haukufunguliwa. Basi aliyeenguliwa kwa mizengwe ama anyamaze, ama ahame na wapambe wake wote. Anayechekelea ni CCM.

Au tumeshasahau NCCR-Mageuzi? Mwaka 1995 Mzee wa Kiraracha, Augustine Mrema, aliitikisa nchi, chama kikazoa majimbo 16. Mwaka 1997 kikao chao Tanga kikageuka uwanja wa ngumi, kambi ya Mrema na kambi ya Mabere Marando. Hawakugombania bei ya kahawa, waligombania chama ni cha nani. Mwaka 1999 Mrema akahamia TLP, na uchaguzi wa 2000 NCCR ikaambulia jimbo moja nchi nzima. Moja!

Wakubwa watasema wanachuja mapandikizi. Haya, mbunge wa Siha wa wakati ule, Godwin Mollel, hakupita kwenye vikao vyao? Desemba 2017 aliiaga CHADEMA, Februari 2018 akarudi na tiketi ya CCM. Mchujo ulimnusa?

Kura ziwe za siri, zihesabiwe mbele ya wanachama, matokeo yabandikwe ukutani siku hiyohiyo. Anayetaka kumwengua mshindi apande mwenyewe hadi kwenye kata, asimame, aseme sababu watu wakimtazama usoni. Atakayekwenda kupitisha ushuru wa meza ya mitumba Kiborloni ni diwani, na mwenye meza ana haki ya kujua nani alimleta. Ndugu Katibu, orodha ya wanachama unayo mezani. Unaogopa nini kuwahesabu?